Kabla Hujapakia Mahindi, Angalia Miguu ya Gari



Mvua zinakata, mahindi yameanza kukauka, na najua kila mmoja wenu yuko kwenye hesabu: gunia ngapi, bei itafunguka shilingi ngapi, uuze mapema au usubiri. Leo sizungumzii mbegu, mbolea wala viwavijeshi. Nazungumzia gari. Tena lile kuukuu, pikapu uliyoinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu, ambayo ndiyo itakayotoa mavuno yako yote shambani.

Najua utasema: "Bwana shamba, hayo si ya kwako, hayo ya fundi." Na mimi nilikuwa nafikiri hivyohivyo. Nilibadilika msimu wa mavuno uliopita. Nitawaambia kwa nini, ingawa habari yenyewe hainipi sifa.

Kijana mmoja wa huku kwetu, jina lake silitaji, alikuja ofisini mwezi wa tano kuulizia dawa ya kuhifadhia mahindi, maana mwaka wa nyuma dumuzi walimmaliza. Tukaongea vizuri. Anatoka mlangoni, akageuka akasema, kama mtu anayetupa neno tu: "Bwana shamba, hii pikapu siku hizi inavuta kushoto, na nikipita kwenye mashimo inagonga huku mbele, ko ko ko." Nikamwambia akapime upepo wa tairi. Ndilo lililonijia kichwani. Akashukuru, akaenda.

Wiki chache baadaye alikuwa anatoa mahindi shambani. Gunia kumi na sita nyuma, vibarua wawili juu ya mzigo. Hakuwa anakimbia, na kwenye njia zetu zile nani anakimbia? Akafika kwenye kijifereji kilichochimbwa na maji ya masika, akakata usukani kukikwepa, gurudumu la mbele kushoto likalala. Siyo pancha. Gurudumu zima lilikunjika kwa nje, gari likapiga pua chini. Boli jointi ya chini ilikuwa imechomoka.

Kibarua mmoja aliruka salama. Mwingine aliangukia mkono, ukavunjika. Mahindi yalilala porini siku mbili yakilindwa kwa zamu, mwisho yule kijana akauza palepale kwa dalali aliyefika na Fuso, kwa bei ya dalali. Hospitali alilipa yeye. Na yule kibarua hakulima kitu msimu uliofuata mpaka mvua zikachanganya.

Fundi aliyeitwa alinionyesha ile jointi mkononi. Mpira wake ulikuwa umepasuka zamani, ndani ni udongo na kutu, grisi hakuna hata ya kupaka kidole. Akasema: "Hii haikufa leo. Hii ilikuwa inapiga hodi tangu masika."

Sikumjibu, maana hodi yenyewe nilishaisikia ofisini kwangu nikaiambia ikajaze upepo.

Ndiyo maana nasema: sisi maafisa ugani tumekosea, na ninyi wakulima wa biashara mmekosea pamoja nasi. Tunawafundisha kupanga bajeti ya mbegu, mbolea, dawa, vibarua, vifungashio. Gari tunaliandika mstari mmoja tu: "usafiri." Kana kwamba gari ni mafuta ya kutia na kuondoka. Mimi sasa naamini gari la mkulima ni kifaa cha shamba kama jembe la ng'ombe au pampu ya dawa, na miguu yake ya mbele inastahili fungu kwenye bajeti kabla ya mavuno, siyo baada ya kuuza.

Boli jointi ni nini hasa

Ukichinja ng'ombe, umeona kichwa cha mfupa wa paja kinavyokaa ndani ya nyonga. Duara ndani ya kikombe, vinazunguka kila upande bila kuachana. Boli jointi ni hivyo hivyo. Ni duara la chuma ndani ya kikombe cha chuma, katikati kuna grisi, nje kuna kifuko cha mpira kinachozuia uchafu. Hiyo ndiyo inayoshika gurudumu la mbele na mkono wa chini wa gari, ule ambao mafundi wanauita kontroli amu. Gurudumu likipanda na kushuka, na wewe ukikata kona, kazi yote iko hapo.

Kinachoiua mara nyingi si umri, ni ule mpira. Ukichanika tu, masika yanaingiza tope, kiangazi kinaingiza vumbi, na vumbi likichanganyika na grisi linakuwa kama msasa. Linasaga duara, kikombe kinapanuka, jointi inaanza kucheza. Na huku kwetu ufipani tope na vumbi vyote tunavyo kwa wakati wake, hatukosi kimoja.

Halafu kuna mzigo. Pikapu nyingi za kwetu ni za tani moja. Gunia kumi za kilo 100 tayari ni tani moja. Ukipakia kumi na sita umeshapita tani moja na nusu, hujahesabu watu. Na gunia likiwa lumbesa, lile lenye kilemba juu, hata wewe hujui umebeba kilo ngapi. Lumbesa imepigwa marufuku kwa sababu inamuibia mkulima kwenye mizani. Mimi naongeza kwamba inamuibia na gari lake. Utaniambia mzigo uko nyuma, jointi ziko mbele. Sawa. Lakini kila ukifunga breki uzito unamiminikia mbele, na kila shimo gurudumu la mbele ndilo linaloingia kwanza.

Namna ya kukagua mwenyewe

Hili halihitaji hela. Linahitaji nusu saa, mtu wa kukusaidia, na mahali tambarare.

Kwanza sikiliza na uangalie. Gari linagonga mbele kwenye mashimo? Usukani unatangatanga kwenye lami, yaani unaushika katikati lakini gari linatafuta njia yake? Tairi ya mbele inalika upande mmoja tu? Upepo unaweza kusababisha moja katika hayo, ila ukiona mawili kwa pamoja, usifanye kosa langu la kuishia kwenye upepo.

Pili, angalia mipira. Chukua tochi, chungulia nyuma ya gurudumu la mbele. Mpira uliochanika au grisi iliyotapakaa nje ni taarifa tosha. Angalia pia ile nati yenye mapengo juu yake, lazima kuwe na pini imepita. Kama pini haipo, au mtu ameweka kipande cha waya au msumari, basi hapo pana mtego.

Tatu, nyanyua. Weka mawe au magogo kwenye magurudumu ya nyuma, vuta hendibreki, halafu jeki. Na tafadhali, jeki peke yake siyo kitu cha kumwamini. Weka stendi au gogo la mti mgumu chini ya fremu kabla hujaingiza hata mkono. Vijana wameuawa na jeki zilizoteleza.

Mahali pa kuweka jeki pana maana. Kwenye pikapu ambayo uzito wa springi unakaa juu ya mkono wa chini, nyanyulia chini ya mkono huohuo, karibu na gurudumu. Ukinyanyulia kwenye fremu, springi inaendelea kuibana jointi, na mbovu itajifanya nzima. Kwenye Noah, Probox au Kirikuu, ambazo springi imeizunguka shokapu, nyanyulia kwenye mwili wa gari, gurudumu lining'inie.

Sasa shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Kuchezacheza kukiisha breki ikikanyagwa, shida iko kwenye beringi ya gurudumu. Kukiendelea, mtazame boli jointi. Halafu ingiza mtaimbo chini ya tairi, nyanyua taratibu huku mwenzako anaangalia jointi kwa tochi. Ukiona inapanda na kushuka ndani ya kikombe, imekwisha. Mwisho shika tairi kushoto na kulia. Ikicheza hapo, mara nyingi ni zile ncha za tairodi, nazo ni ndugu zake boli jointi, zinakufa kwa sababu zilezile.

Wenye Canter na Fuso, nyingi za kwenu hazina boli jointi za namna hiyo. Zina kingipini, na kingipini ina nipo ya grisi. Ile nipo siyo pambo. Ipigwe grisi mpaka ya zamani itoke nje, na kipindi cha tope mara kwa mara zaidi.

Oili ya stelingi

Kama stelingi yako ni ya mkono au ya umeme, ruka hapa. Wenye stelingi ya oili mnisikilize.

Kile kikopo kidogo kilicho karibu na mkanda wa injini ndiyo tangi la oili ya stelingi. Pampu inazungushwa na mkanda, inaisukuma oili, oili inakusaidia kukata usukani. Kikopo kina alama ya COLD na HOT, yaani kipimo cha oili ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto. Gari likiwa tambarare, angalia kila unapoangalia oili ya injini. Kwenye Toyota nyingi za zamani ni ATF, ileile ya gia za otomatiki, rangi nyekundu, Dexron II au III. Lakini siyo gari zote. Honda wana ya kwao, na gari nyingi za Ulaya zinatumia aina nyingine kabisa. Soma mfuniko wa kikopo au kitabu cha gari, usisome rangi tu.

ATF nzima ni nyekundu na inapitisha mwanga. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, imechoka, imwagwe yote na kuwekwa mpya. Ikiwa na povu, kuna hewa inaingia, na utaisikia pampu inalia kama mbwa anayefungiwa, hasa ukikata usukani mpaka mwisho. Na hapo hapo: usishikilie usukani umebana kwenye mwisho wa kona. Vijana mnaugandamiza kabisa mkigeuza gari shambani. Pampu inafikia nguvu yake ya juu na oili inachemka. Ukigusa mwisho, rudisha kidogo.

Sasa ugomvi wangu mkubwa. Nimeona kwa macho yangu watu wanajazia stelingi kwa oili ya injini, na mmoja kwa mafuta ya breki, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo dukani. Oili ya injini ni nzito, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba huku kwetu mnazijua zilivyo. Pampu itahangaika na stelingi itakuwa ngumu. Mafuta ya breki ndiyo mabaya zaidi, yanaharibu sili za mpira mle ndani. Na kinyume chake ni hatari kubwa: ukitia ATF kwenye kikopo cha breki, mipira ya breki inavimba, na breki unaweza kuzikosa kabisa. Vikopo viwili hivyo vinaweza kuwa jirani. Mwoneshe na dereva wako.

Na oili ya stelingi haichomwi kama oili ya injini. Ikipungua, inavuja mahali. Anayejaza kila wiki hajatengeneza, anamwagilia barabara. Angalia mipira inayopitisha oili, pampu, na sehemu ya stelingi boksi. Nakiri, pikapu yangu mwenyewe niliijaza miezi minne nikijisifu kuwa nailea vizuri. Kumbe mpira mmoja tu ulikuwa na ufa.

Stelingi ya oili ikifa, usukani haukatiki, ila unakuwa mzito ghafla. Kwenye lami iliyonyooka ya Sumbawanga kwenda Namanyere unaweza kuumudu. Lakini wapo kati yenu mnaoshusha mzigo Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa. Pale kwenye kona, na mzigo nyuma, usukani ukibadilika ghafla huna nafasi ya kujifunza. Na wale wanaozima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta, mjue mnaizima stelingi na msaada wa breki kwa pamoja. Hiyo lita uliyookoa haina thamani hiyo.

"Sina hela mpaka niuze"

Hili nalisikia kila siku, na silidharau. Mwezi wa nne na wa tano mkulima hana kitu. Lakini tupige hesabu kwa magunia. Ukaguzi ni bure. Oili ya stelingi ni sehemu ndogo ya gunia. Boli jointi na ufundi wake nenda kaulizie Sumbawanga, halafu ugawe kwa bei ya gunia la mahindi, utaona ni magunia ya kuhesabika kwa vidole. Yule kijana alipoteza pengo la bei kwenye gunia zote kumi na sita, akalipa hospitali, akalipa fundi wa kuja porini, na jointi akanunua ileile aliyoikwepa.

Pendekezo langu ni hili: ukiuza msimu huu, gunia mbili zipewe jina la gari. Hela yake ikae pembeni, kwenye simu au kikundi, isiguswe mpaka Aprili ijayo. Ikifika Aprili, ndiyo hela ya miguu ya mbele.

Wengine mtasema, "Fundi wangu anajua." Inawezekana, lakini fundi anafanya ulichomwambia na ulichomlipia. Mwambie akuoneshe jointi ya zamani. Mwulize nati imekazwa na pini imewekwa? Akikuambia atachomelea kikombe au ataweka kipande cha mpira ndani ili isicheze, kataa kwa adabu, utafute mwingine. Jointi iliyochomelewa haikuambii siku yake. Na spea ya bei ya kutupa iangalie mara mbili, kama mnavyoangalia mbegu feki. Ukibadilisha, pima na uelekeo wa magurudumu, la sivyo tairi mpya zitalika kabla ya Krismasi.

Kalenda

Iandikeni kwenye daftari lilelile la shamba.

Oktoba, kabla ya mvua: mipira ya jointi, kiwango cha oili ya stelingi, mkanda wa injini, grisi kwa wenye nipo.

Aprili hadi Mei, mvua zinapokata: osha chini ya gari tope litoke, halafu nyanyua na ukague kama nilivyoeleza. Huu ndio ukaguzi mkubwa, kwa sababu bado una muda wa kutengeneza.

Katikati ya mavuno: kila Jumapili jioni, tochi na macho tu, dakika tano.

La mwisho

Wewe ukiendesha gari bovu, unajua. Unasikia ile ko ko ko, unashika usukani, umepima hatari yako mwenyewe. Kibarua anayepanda juu ya gunia hajui chochote. Ameona gari linawaka, amepanda, anawaza ujira wake na watoto wake. Mimi ningesema watu wasipande juu ya mzigo kabisa, na wewe unajua hairuhusiwi. Lakini naijua Kate, najua jioni ya mavuno ilivyo, na shamba likiwa mbali watapanda. Basi angalau gurudumu linalowabeba liwe limeshikwa na kitu kizima.

Yule kijana wetu ameshatengeneza pikapu, zote mbili za chini na ncha za tairodi. Mwezi huu alipita tena ofisini kuchukua ushauri wa dawa ya dumuzi. Kabla hajatoka nilimuuliza mwenyewe: "Na gari, linasemaje?" Nitakuwa nawauliza wote hivyo. Njooni na majibu.